Bomba la gesi lipimwe kana kwamba linapita mjini

Mhariri,

Mimi ni fundi bomba hapa Hoima, Uganda, mwaka wa ishirini na tatu kazini. Bomba nene kuliko yote niliyowahi kufunga lilikuwa la inchi nne, tena la maji, kwa hiyo wahandisi wa gesi wanivumilie. Ila kupima presha nakujua.

Mwaka 2023 serikali yetu na ya Tanzania zilitia saini makubaliano kuhusu bomba la kutuletea gesi asilia. Lile la mafuta ghafi, kilomita 1,443 kutoka kwetu hadi Chongoleani kule Tanga, watu wameshazoea kuliona likipita. La gesi bado ni karatasi, nami naona huu ndio wakati wa kusema jinsi linavyopaswa kupimwa presha. Mitaro ikishachimbwa, fundi mdogo kama mimi hasikilizwi na mtu.

Niliwahi kupewa kazi ya kufunga mabomba kwenye nyumba ya wageni. Nilipotaka kujaza maji, kusukuma pampu ya mkono na kuacha geji usiku kucha kabla ukuta haujapigwa plasta, msimamizi alinijibu kwamba mabomba ni mapya, nipime nini? Wiki ya tatu baada ya ufunguzi tulikuwa tunabomoa vigae vya chumba namba sita. Kiungo kimoja tu ndicho kilichovuja. Hasara ilikuwa vigae, na maneno niliyoambiwa, ambayo gazeti haliwezi kuyachapa.

Kwa gesi hasara si vigae. Septemba 9, 2010, huko San Bruno, California, bomba la inchi 30 lililozikwa mwaka 1956 lilipasuka katikati ya makazi. Watu 8 walikufa, nyumba 38 zikateketea, na gesi ilichukua dakika 95 kufungwa. Wachunguzi walikuta mshono wa chuma ambao haukuchomelewa ukapenya hadi ndani. Kwenye makaratasi ya kampuni bomba hilo lilikuwa la aina isiyo na mshono kabisa! Halikuwa limepimwa kwa maji, kwa sababu kanuni za Marekani za mwaka 1970 ziliyasamehe mabomba yaliyokuwa tayari ardhini. Wachunguzi walisema kipimo hicho huenda kingeifichua kasoro. Sasa wenye mabomba ya zamani yasiyo na kumbukumbu za kupimwa, yanayopita penye watu, wamepewa hadi 2035 kuyathibitisha upya.

Kwa nini maji? Wengi huniuliza. Maji hayabanwi. Bomba likipasuka likiwa na maji, presha huanguka papo hapo na unabaki na tope. Likipasuka likiwa na hewa au gesi, ile nguvu yote iliyobanwa inatoka kwa mara moja, na hapo ndipo wapimaji wenyewe hufa. Tena kwenye milima yetu kuna hesabu ambayo mtu wa ofisini huisahau: kila mita 10 za kimo huongeza presha kwa karibu bar moja. Bomba likishuka mita 200 kutoka kilimani hadi bondeni, geji ya chini inasoma bar 20 zaidi ya ile ya juu. Ukipima bondeni ukaandika "limefaulu", bomba la kilimani halijaguswa. Lazima likatwe vipande, kila kipande na geji yake juu na chini, na joto liandikwe, kwa sababu jua la saa saba huipandisha sindano na baridi ya usiku huiteremsha bila tundu lolote kuwepo.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Kanuni hizo za Marekani, ambazo wahandisi wa nchi nyingi huzirejea, hupanga ukali wa kipimo kwa kuhesabu nyumba. Wanachukua ukanda wa kama mita 200 kila upande wa bomba, kwa urefu wa maili moja. Zikiwa nyumba 10 au pungufu, hilo ni daraja la kwanza. Kuanzia 11 hadi 45 ni la pili, 46 na kuendelea ni la tatu, na penye maghorofa mengi ni la nne. Kwa bomba jipya la daraja la kwanza au la pili, kipimo ni mara 1.25 ya presha ya kazi. Kwa la tatu na la nne ni mara 1.5. Yaani bomba la kufanya kazi kwa bar 100 litapimwa kwa 125 shambani na kwa 150 mjini. Yale ya presha kubwa hushikiliwa hivyo kwa saa 8 na zaidi.

Hesabu hiyo ina akili pale ambapo shamba hubaki shamba. Hapa kwetu? Hoima ilitangazwa jiji mwaka 2020. Nilipoanza kazi, sehemu ninazofunga mabomba leo zilikuwa migomba na mihogo. Weka barabara ya lami na stendi ya boda, baada ya miaka mitano una senta, shule mbili na kituo cha afya. Bomba la gesi huzikwa likitarajiwa kudumu miongo mingi. Ukilihesabia nyumba za siku ya kuzika, umelipima kwa ajili ya kijiji ambacho hakitakuwepo.

Najua jibu la wahandisi, na ni la kweli: bomba la chuma chembamba la daraja la kwanza huwezi kulipandisha hadi mara 1.5, chuma kitavutika. Ndiyo maana sharti liandikwe sasa, kabla ya kununua, ili chuma kinene kiagizwe tangu mwanzo. Marekani nyumba zikiongezeka, mwenye bomba ana miezi 24 ya kupunguza presha, kubadilisha kipande au kuthibitisha kwamba kipimo chake cha zamani kinatosha. Je, nani hapa atahesabu mabati mapya kila mwaka kutoka mpakani hadi huku?

Sisemi chuma kinene kila mahali, mbugani pasipo mtu waachwe na 1.25 yao. Naomba Mamlaka ya Petroli na wizara ziandike kwamba kila senta, kila njia panda ya lami na kila mahali palipo kwenye mpango wa mji pahesabiwe kuwa daraja la tatu tangu siku ya kwanza, hata kama leo ni nyumba nne na kibanda cha chapati. Pia chati ya kila kipimo, yenye saa, presha na joto, itunzwe muda wote bomba likiwa ardhini, na nakala ipelekwe kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, wa eneo hilo. Akishindwa kuisoma, anipigie simu. Nitakwenda na miwani yangu.

Fundi bomba,
Hoima