Barua ya malalamiko: Ndege imepungua uzito, lakini kitovu chake cha uzito kimerudi nyuma

Ofisi ya Mkuu wa Mafunzo,
Chuo cha Urubani,
ARUSHA.

Mkurugenzi wa Ufundi,
Karakana ya Matengenezo ya Ndege.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: HESABU YA UZITO NA MSAWAZO WA NDEGE YETU BAADA YA KUFUNGIWA VIFAA VIPYA

Mhandisi wenu mkuu amenijibu kwa simu kwamba suala hili limefungwa. Kwetu halijafungwa. Naandika kwa kirefu kidogo ili baadaye asitokee mtu wa kusema kwamba karakana haikuelezwa tatizo ni nini.

Ndege yenyewe ni Cessna 172N tunayofundishia, mnayoifahamu tangu tulipoinunua. Tuliileta kwenu kwa kazi tatu. Ya kwanza, kutoa stata ya zamani, ambayo ilikuwa chuma kizito cha enzi zile, na kufunga stata nyepesi ya kisasa. Hapa Arusha uwanja uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, injini ya nguvu farasi 160 haitoi nguvu zake zote, na kila kilo tunayoitoa tunaishukuru. Ya pili, kung'oa ADF (redio ya kutafutia mwelekeo) na transponda ya zamani (kifaa cha kuitambulisha ndege kwa rada) kwenye dashibodi. Ya tatu, kufunga transponda mpya ambayo sanduku lake linakaa mbali na dashibodi, pamoja na betri yake ya akiba, na kubadilisha ELT, yaani kifaa kinachotuma ishara ya dharura ndege ikianguka, iwe ya 406 MHz. Hii ya mwisho haikuwa anasa: satelaiti za uokoaji za Cospas-Sarsat ziliacha kushughulikia ishara za 121.5 MHz tangu tarehe 1 Februari 2009, na ndege ikianguka porini ikiwa na ELT ya zamani peke yake, satelaiti hazitaisikia.

Kuhusu ufundi wa mikono sina neno. Nyaya zimefungwa vizuri, stata inashika mara moja, transponda inasomeka. Malalamiko yangu ni juu ya karatasi moja mliyoiweka kwenye kitabu cha ndege, ile ya uzito na msawazo. Imeandikwa kwamba uzito wa ndege tupu umepungua kwa ratili 7, kutoka 1,452 hadi 1,445, na kwamba kitovu cha uzito, yaani pale uzito wote wa ndege unaposawazika, "hakijabadilika kwa kiasi cha kuhesabika", kwa hiyo kimebaki inchi 39.4 nyuma ya ukuta wa moto, ule unaotenganisha injini na chumba cha rubani. Imepigwa mhuri na kutiwa saini.

Ratili 7 ni sahihi. Hiyo sentensi ya pili ndiyo si kweli, na ndiyo inayoweza kuua mtu.

Nimefanya hesabu kwa takwimu za orodha yenu wenyewe ya vifaa, kwa ratili na inchi kama kitabu cha ndege kinavyotaka. Stata mpya imepunguza ratili 8 mahali palipo inchi 30 mbele ya ukuta wa moto, yaani hasi 30. Dashibodi imepunguza ratili 11 penye inchi 12. Mkiani, kwenye rafu nyuma ya sehemu ya mizigo, penye inchi 155, zimeongezeka ratili 12: betri 7, sanduku la transponda 3, na ELT mpya imeizidi ya zamani kwa 2. Kuondoa uzito uliokuwa mbele ya ukuta kunaongeza momenti (uzito mara umbali wake kutoka ukuta wa moto), si kuipunguza, kwa hiyo stata inaleta 240 za kujumlisha. Dashibodi inapunguza 132. Mkia unaleta 1,860. Jumla, momenti ya ndege tupu imepanda kwa 1,968, kutoka 57,200 hadi 59,168. Gawanya kwa 1,445. Kitovu kiko inchi 40.9, kimerudi nyuma inchi moja na nusu.

Mhandisi wenu nilipomsomea tarakimu hizi alinijibu, "Lakini mkuu, ndege imepungua uzito, sasa shida iko wapi?" Nimelirudia swali hilo hapa kwa sababu naamini ndiyo fikra iliyoongoza kalamu iliyojaza ile karatasi. Mchukuzi wa mzegazega asiyejua kusoma angemjibu: ukipunguza maji kwenye debe la mbele na kuongeza kidogo la nyuma, mzigo mzima unaweza kuwa mwepesi kuliko jana na bado ukakuangusha chali. Karakana imetoa uzito puani, ikaongeza mkiani, halafu ikatazama jumla peke yake.

Huenda mtu akaona inchi moja na nusu si kitu, maana kwenye matumizi ya kawaida 172N inaruhusiwa kitovu kirudi hadi inchi 47.3. Kweli. Kwa safari ya kwenda Dodoma na abiria wawili sina wasiwasi. Lakini ndege hii tunaitumia pia kwenye kozi ya walimu wa urubani, na kozi hiyo ina spini: mwalimu mtarajiwa anaiacha ndege iishiwe nguvu ya mbawa huku imekanyagwa pedali upande mmoja, inaanguka ikizunguka, naye anaitoa. Kitabu cha ndege kinaruhusu zoezi hilo kwenye kundi la Yutiliti (Utility) tu, lenye mipaka mikali zaidi, viti vya nyuma na sehemu ya mizigo vikiwa tupu, uzito usizidi ratili 2,000 na kitovu kisipite inchi 40.5. Ni 40.5, siyo 47.3.

Sasa wapakie mwalimu na mwanafunzi, jumla ratili 340, ambao ni watu wa kilo 77 kila mmoja, wa kawaida kabisa. Waweke mafuta galoni 25, ratili 150. Viti vya mbele viko inchi 37, matangi inchi 48. Kabla ndege haijaja kwenu, mzigo huu ulikuwa unatoa kitovu inchi 39.6, na zoezi linaruhusiwa. Baada ya kazi yenu unatoa inchi 40.8. Hairuhusiwi. Tukipunguza mafuta hadi galoni 15 tunapata 40.6, bado nje. Nimejaribu michanganyiko kadhaa, na ule ulioingia ndani ya mpaka ni wa watu wawili wa kilo 90 kila mmoja na hizo galoni 15, nao umeponea chupuchupu. Sijui tutangaze nafasi za masomo kwa sharti la unene?

Na hili ndilo linalonikosesha usingizi zaidi. Rubani mwaminifu anayekaa na kalamu kabla ya kuruka atachukua tarakimu ya ndege tupu kutoka kwenye karatasi yenu, 39.4. Atapiga hesabu bila kosa na kupata 39.6, ndani ya mpaka kwa raha zote. Ataruka. Yaani anayefuata utaratibu ndiye anayedanganyika, na anadanganywa na mhuri wa karakana.

Spini yenye kitovu kilichorudi nyuma si jambo la kubahatisha. Kinachoitoa ndege kwenye spini ni usukani wa mkia na elevata (bapa la mkiani linaloinua na kushusha pua), na nguvu ya hivyo vyote hutegemea umbali wake kutoka kwenye kitovu. Kitovu kikirudi nyuma, umbali unapungua na pua inakataa kushuka. Mzunguko huwa bapa, hewa inaupiga mkia kutoka chini, na rubani anaweza kufanya kila kitu alichofundishwa ndege isimsikilize. Watengenezaji hawakuweka 40.5 kwa kupenda tarakimu. Hapo ndipo mwisho wa eneo walilolikubali kwa spini. Kupita hapo ni kumgeuza mwanafunzi wetu kuwa rubani wa majaribio.

Mtego wa hali hii ni kwamba ndege haikulalamika. Kinyume chake, iliporudi kutoka kwenu baadhi ya wanafunzi waliisifu: inanyanyuka pua kwa wepesi, usukani laini, hata mwendo umeongezeka kidogo. Yote hayo ni dalili za kitovu kilichorudi nyuma. Mkia haulazimiki kusukuma chini kwa nguvu kama zamani, kwa hiyo ukinzani wa hewa unapungua, na ule uzito wa mkononi unaomwonya rubani anapovuta kupita kiasi unapungua pia. Kwa hiyo hoja ya pili ya mhandisi wenu, kwamba "mbona wateja wengine hawajalalamika", haina uzito wowote.

Ningependa pia mfikirie ukubwa wa hizo ratili 12, maana nasikia zikiitwa "kiboksi". Tukichukulia kitovu kiko inchi 40, kutoka hapo hadi kwenye ile rafu ni inchi 115. Kutoka kwenye kitovu hadi kwenye viti vya mbele ni inchi 3. Ili viti vya mbele vikisawazishe hicho kiboksi, lazima viongezewe ratili 460, zaidi ya kilo 200 za binadamu. Mwongozo wa FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, AC 43.13-1B, ambao nimeuona kwenye rafu ya ofisi yenu, unasema badiliko la uzito linaloweza kupuuzwa kwa ndege ambayo ikiwa tupu haifiki ratili 5,000 ni ratili moja au chini yake. Kwa kitovu, linalopuuzwa ni lisilofika asilimia 0.05 ya upana wa wastani wa bawa, ambalo kwa 172 halifiki hata sehemu ya kumi ya inchi. Sisi tunazungumzia inchi moja na nusu. Aliyeandika "kiasi cha kuhesabika" hakuhesabu.

Sikutaka kutegemea hesabu ya mezani peke yake. Ndege imepimwa upya kwenye karakana nyingine, ndani ya hanga milango ikiwa imefungwa, ikiwa imesawazishwa, oili imejaa na matangi yamebaki na mafuta yasiyotumika tu, mzani mmoja chini ya kila gurudumu. Wamepata ratili 1,447 na kitovu inchi 40.9. Nakala ya ripoti nimeiambatanisha.

Ushauri tuliopewa kwa simu, kwamba tuweke mfuko wa mchanga mbele "kwa muda", naomba ufutwe kwa maandishi. Nimeupigia hesabu kwa heshima ya aliyeutoa. Kwa mzigo ule wa watu wa kilo 77 na galoni 25, mfuko ungetakiwa uwe karibu kilo 13, na mahali pake ni sakafuni, miguuni pa rubani, jirani na pedali zile zile anazozihitaji kujitoa kwenye spini. Uzito wa kusawazisha hufungwa kwa bolti, huidhinishwa, huandikwa kwenye orodha ya vifaa na kubandikwa lebo. Mchanga ni wa kujengea nyumba.

Dawa yenyewe si kubwa. ELT ibaki mkiani, hapo ndipo pake, kwa kuwa sehemu hiyo mara nyingi ndiyo husalimika ndege inapoanguka. Lakini betri ya akiba haina sababu yoyote ya kukaa huko zaidi ya kwamba fundi alikuta nafasi. Ikihamishiwa nyuma ya dashibodi, penye inchi 10, momenti inapungua kwa 1,015, na mzigo wetu wa mafunzo wa galoni 25 unarudi inchi 40.3, ndani ya mpaka. Nafasi ipo, ndiko ADF ilikotoka.

Kwa hiyo tunataka haya. Betri ihamishwe kwa gharama yenu, kwa michoro iliyoidhinishwa. Karatasi ya sasa ya uzito na msawazo ifutwe rasmi kwenye kumbukumbu za ndege, ipatikane mpya yenye momenti ya kila kifaa kilichotolewa na kilichofungwa, pamoja na orodha mpya ya vifaa. Mturudishie gharama ya upimaji na hasara ya kozi ya walimu tuliyoiahirisha, kwa ankara nilizoziambatanisha. Na mpitie upya kumbukumbu za ndege nyingine ndogo mlizozifungia vifaa vya aina hii mkiani, muwaarifu wenyewe. Hili la mwisho silidai kwa ajili ya chuo changu, lakini sitaliondoa kwenye orodha.

Tumeisimamisha ndege kwa mazoezi yote ya spini, na karatasi yenu nimeichora mstari mwekundu kwenye nakala yetu ili asiitumie mtu. Nasubiri jibu la maandishi, lenye saini ya anayewajibika kwa ubora, ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Lisipofika, faili lote litakwenda Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania likiwa na ripoti zote mbili, yenu na ya mizani.

Wenu katika kazi,

Mkuu wa Mafunzo

Viambatanisho: ripoti ya upimaji; nakala ya karatasi yenu ya uzito na msawazo; orodha ya vifaa; ankara.