Masta ya darasani sio ya kubezwa, hasa kwa injinia wa majengo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimjibu msomaji aliyeandika hapa wiki iliyopita kwamba masta za kusoma darasani, zile ambazo sio utafiti mtupu, ni vyeti vya kununua, na kwamba injinia mwenye akili aende akafanye utafiti au abaki zake saiti. Sikubaliani nae hata kidogo. Kwa fani yangu mimi ya mifumo ya majengo, yaani maji, umeme, viyoyozi, lifti, zimamoto na yote yanayopita juu ya dari na ndani ya shafti (ule uwazi wa kupitishia mabomba na nyaya toka ghorofa hadi ghorofa), kauli kama ile inawavunja moyo vijana ambao tunawahitaji sana.

Maana tuangalie huyu injinia anatokea wapi. Anasoma digrii ya kwanza ya mekanika au ya umeme, basi. Wa mekanika anatoka anajua pampu na injini, wa umeme anajua transfoma na nyaya, alafu wote wawili wanaajiriwa kwa konsaltanti wanaambiwa haya choreni mifumo ya jengo la ghorofa 15, wakati hakuna kati yao aliyewahi kufundishwa jengo kama jengo. Dakti ya huyu, yaani njia ya bati ya kupitishia hewa, inapita palepale kwenye trei ya nyaya za yule, chini yao kuna bimu, ile boriti ya zege inayobeba ghorofa, na msanifu ameshamuahidi tajiri dari ya mita 2.7. Hayo yanakuja kugundulika saiti zege limeshakauka, na hapo fundi anachukua nyundo anaanza kutoboa bimu ili bomba lipite, jamani bimu!

Masta ya darasani ya hii fani ndio inawakutanisha hawa watu. Uingereza vyuo kama London South Bank, Loughborough na Heriot-Watt vimefundisha kozi hizi miaka mingi, krediti 180, mia na ishirini ni za masomo na 60 ni za tasnifu, mwaka mmoja ukisoma muda wote, na unaweza kuichukua taratibu huku unafanya kazi, ambavyo ndivyo nilivyosoma mimi. Unakaa na mtu wa umeme, mtu wa maji, mara nyingine na msanifu, mnapewa jengo moja mnalipigia hesabu lote kuanzia joto, mwanga, hewa safi, maji, njia za kutokea moto ukiwaka, mpaka umeme litakaotumia kwa mwaka. Sasa hicho mtu atakipata wapi kwenye utafiti wa miaka mitatu juu ya kitu kimoja? Utafiti una kazi yake na naheshimu wanaoufanya, ila hautamfundisha mtu kuchora jengo zima.

Nitoe mfano wa AC manake kila mtu anaujua. Fundi akija kwako anauliza chumba kina ukubwa gani, anachungulia, anasema weka 18, yaani BTU 18,000, ambayo ni kama kilowati 5 na kidogo za kupoza. Hajauliza dirisha linaangalia wapi, hajauliza watakaa watu wangapi, na mtu mmoja aliyekaa tu ofisini anatoa joto la wati 100 na ushee, hajauliza juu kuna bati au kuna ghorofa nyingine. Kwa kuogopa lawama anaweka kubwa kuliko inayotakiwa. Sasa AC ikizidi ukubwa inapoza haraka inazima, inawaka inazima, na kwa Dar es Salaam shida sio joto peke yake, kuna unyevu, na mashine isipozunguka muda wa kutosha haitoi ule unyevu, ndio unakuta chumba cha baridi lakini kizito, shuka zinanata na ukungu mweusi unatambaa kwenye kona nyuma ya kabati. Watu wanalaumu rangi ya ukuta. Tena hizi AC za spliti haziingizi hewa mpya kabisa, zinazungusha ile ile ya chumbani, wakati mwongozo wanaotumia wenzetu Uingereza ni kama lita 10 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mtu aliyeko ofisini. Darasa la chuo lenye watu 80 na split nne na madirisha yamefungwa, wanafunzi wanasinzia saa nane mchana tunasema ni wavivu.

Tasnifu yangu niliifanya hapahapa Dar kwenye jengo la ofisi la vioo pande zote, nikaweka vipima joto na unyevu vyumba mbalimbali. Saa kumi jioni upande wa magharibi watu wanajipepea na mafaili, upande wa mashariki floo hiyohiyo kina dada wamevaa masweta, kwa sababu kidhibiti joto kilikua kimoja tu, kimefungwa karibu na mlango wa bosi. Wale wa magharibi wakawa wanafungua madirisha, hewa ya nje yenye unyevu inaingia inakutana na mabomba ya baridi juu ya dari, jipsam inalowa inaanguka. Msimamizi wa jengo alikua anabadilisha vipande vya jipsam tu kila mara. Mtu aliyesoma hesabu za joto analiona tatizo lile kwenye mchoro kabla hata msingi haujachimbwa.

Msomaji yule yupo sahihi kwenye jambo moja, kwamba kozi za kule zimeandikwa kwa ajili ya baridi. Kweli kabisa. Unafundishwa kuzuia joto lisitoke ndani wakati sisi tunataka lisiingie. Kuna somo la Legionella, bakteria wanaozaliana kwenye maji ya vuguvugu na kuleta ugonjwa wa mapafu, unaambiwa maji ya moto yahifadhiwe nyuzi 60 na ya baridi yawe chini ya 20, sasa maji ya simtanki jeusi juu ya paa Tabata mwezi wa pili yatakua chini ya 20 lini? Ndio maana nawaambia vijana wawasumbue walimu wao, na tasnifu ifanyike kwenye jengo la kwetu. Mbona tunayo ya kujifunzia, soko la Kariakoo alilochora Beda Amuli miaka ya 1970 lina yale mapaa ya zege kama miavuli iliyogeuzwa, hewa inapita na joto linapanda juu na kutoka, na maji ya mvua yanashuka kwenye tangi la chini. Halikuchorwa litegemee chila, yaani mashine kubwa ya kupoza jengo zima. Na tukumbuke makubaliano ya kupunguza gesi za viyoyozi za HFC, zinazoongeza joto la dunia, yalifikiwa Kigali, Oktoba 2016, hapa jirani, na kundi la nchi zinazoendelea tuliloko sisi lilitakiwa lianze kuzuia matumizi yasizidi kupanda kuanzia 2024. Nani atawaambia wenye majengo wafunge nini badala yake kama hatuna watu waliosoma?

Kwa mdogo wangu anayetaka kwenda, usitoke digrii ya kwanza ukaunganisha moja kwa moja, kaa saiti kwanza ushike michoro, ugombane na makontrakta, hapo ndio masomo yatakuingia. Ada kwa mgeni ni kubwa sana, kwa hiyo angalia ufadhili, Chevening kwa mfano, ufadhili wa serikali ya Uingereza, inalipia masta ya mwaka mmoja ila wanataka uwe na saa 2,800 za kazi na ukimaliza urudi nyumbani miaka miwili. Na wenye familia mjue kwamba tangu Januari 2024 Uingereza hairuhusu mwanafunzi wa masta ya darasani kwenda na mke au watoto, ruhusa hiyo imebaki kwa wa utafiti na wachache wengine. Mwenye watoto wadogo nadhani asome kwa masafa.

Ila ningependa zaidi isomeke hapahapa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana mekanika na umeme, Ardhi wana wasanifu na wakadiriaji majenzi, wakae pamoja watengeneze masta moja ya jioni ya majengo ya joto na unyevu, na mafundi wakubwa waitwe wafundishe baadhi ya vipindi. Na nyie wenye majengo na mameneja wake, mwanafunzi akija kuomba michoro ya jengo na bili za TANESCO za mwaka mmoja kwa ajili ya tasnifu mpeni, msimzungushe getini miezi, manake akipata hizo karatasi atawaonyesha umeme wenu unapotelea wapi.

Injinia wa mifumo ya majengo,
Tabata, Dar es Salaam