Kabla Treni ya Vizuka Haijavunjwa

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wa nyumbani. Barua yako nimeipata, nami nimeisoma mara mbili, kwa kuwa habari uliyoiweka mwishoni, kana kwamba ni jambo dogo, ndiyo iliyonikaa moyoni: kwamba ile treni ya vizuka, ya kutisha watu gizani kwenye bustani ya burudani, tuliyoipanda tukiwa watoto itavunjwa, na mahali pake patawekwa mchezo mpya wa skrini. Umeniuliza pia, kwa upole wako wa siku zote, kwa nini mimi niliyezunguka katika bustani za burudani kwa zaidi ya miaka thelathini bado naziacha mashine mpya zenye kasi ya ajabu na kwenda kupanga foleni mbele ya zile kuukuu. Nitakujibu kwa urefu, maana jambo hili nalipenda mno kulijibu juujuu.

Katika bustani ya Tivoli jijini Copenhagen, iliyofunguliwa mwaka 1843, kuna rolakosta, yaani treni ya burudani inayopanda na kuteremka kwa kasi, ya mbao, ya mwaka 1914, iliyojengwa kwa umbo la mlima. Siku niliyoipanda mara ya kwanza, kilichonivuta hakikuwa mteremko bali mtu. Ndani ya treni hukaa mfanyakazi ambaye kazi yake ni kuvuta breki kwa mkono wake mwenyewe, safari nzima, tangu kileleni hadi kituoni. Rolakosta nyingi za enzi ile hazikuwa na magurudumu ya chini ya reli ya kulizuia behewa lisiruke. Ubunifu huo alikuja kuusajili Mmarekani John Miller mwaka 1919, nao ndio uliofungua njia kwa miteremko mikali tunayoijua leo. Kabla ya hapo, abiria walikuwa mikononi mwa mshika breki. Nilimtazama mgongo wake tulipokuwa tukishuka: bega moja lilizama, mbao zikalia chini yetu, kisha bega likainuka na treni ikaachiliwa ikimbie. Alikuwa akiipima njia kwa mwili wake, kama nahodha anavyopima upepo. Huko Melbourne, katika Luna Park, rolakosta ya mwaka 1912 nayo huendeshwa hivyo hivyo, mshika breki akiwa amesimama katikati ya abiria. Sijui mashine mpya hata moja inayonipa hisia hiyo ya kuchukuliwa na mtu.

Lakini wewe uliuliza habari za vizuka. Unaikumbuka kona ya tatu, baada ya mlango wa pili kubamizwa, mahali palipokuwa na nyuzi zilizolowa maji zikining'inia gizani? Uliapa kwamba ule ni utando wa buibui, na kila mara ulinishika mkono kabla hatujafika. Miaka mingi baadaye nilipanda jumba la vizuka la Disneyland, bustani ya burudani ya Walt Disney huko California, lile lililofunguliwa Agosti 1969, na nilipotazama chini kwenye ukumbi ambamo wafu wanacheza dansi huku nikiona samani kupitia miili yao, nilizikumbuka nyuzi zile. Siri ya ukumbi ule ni kioo kikubwa sana kisichoonekana kwa macho. Wanasesere wamefichwa mahali ambapo abiria hawaoni. Wanapomulikwa, taswira yao huangukia kwenye kioo na kuonekana kana kwamba wamesimama katikati ya ukumbi, na taa ikizimwa hutoweka. Ni mbinu ya jukwaani ambayo John Henry Pepper aliwaonyesha watu wa London mwaka 1862. Naijua mbinu hiyo vizuri kabisa, na bado kila ninapofika hapo nywele hunisimama. Kioo na taa, uzi na maji: vitu vya kawaida vilivyopangwa na mtu aliyefahamu ni wakati gani hasa sisi tutakuwa tumejisahau.

Hapo ndipo ninapofikia jibu lenyewe. Kwa muda mrefu niliamini kwamba ninachokipenda ni ukale wa mashine, mbao na chuma chake, na sasa naona nilikosea. Gurudumu kubwa la Vienna, lile linalowainua watu juu ndani ya vyumba vidogo, lilisimamishwa mwaka 1897, likaungua mwaka 1944 wakati wa vita, na liliporudi kuzunguka lilirudishiwa vyumba 15 tu kati ya 30 vya awali. Hakuna anayelipanda leo akasema silo. Rolakosta ya Cyclone ya Coney Island jijini New York, inayokimbia tangu mwaka 1927, haiwezi kuishi bila mafundi kung'oa mbao zilizochoka na kupigilia nyingine. Kinachobaki ni mpangilio: mlio wa mnyororo unaoivuta treni juu, ule utulivu mfupi kileleni, kisha mwili kuvutwa ghafla. Hofu na nafuu huja kwa zamu ile ile iliyomjia mtu wa mwaka 1927, na mwili wangu, ambao umebadilika sana tangu utotoni, huukuta mpangilio ule ukiwa bado unaungoja.

Ndiyo maana naumia. Bustani ya Disney huko Florida ilipokusudia kuifunga safari ya Mr. Toad, mojawapo ya safari zake za gizani, mashabiki walifika pale na kupinga waziwazi. Safari ikafungwa hata hivyo mwaka 1998, na mwaka uliofuata nafasi yake ikachukuliwa na nyingine. Nawaelewa wenye bustani. Walt Disney mwenyewe alisema kwamba Disneyland haitakamilika kamwe, na bustani isiyobadilika hufa. Tena zipo safari za kale zilizochosha ambazo sikuzisikitikia hata kidogo. Ninalolilalamikia ni kwamba treni ikivunjwa, watu hununua kichwa cha kizuka au ubao wa jina na kudhani wameiokoa. Kichwa ukutani hakimshtui mtu. Zile kona, kwa utaratibu wake, huwa zimekwenda na hakuna aliyeziandika.

Basi naomba unijulishe siku ya mwisho ya kazi yake mara tu itakapotangazwa, nami nitasafiri nije. Sitabeba kamera, kwa sababu gizani haitaona kitu. Nitaleta daftari. Tutapanda mara ya kwanza kimya, kisha mara ya pili tukihesabu kwa sauti, na tukishuka tutaandika kila kitu kwa zamu yake: milango ni mingapi, upepo unatoka upande gani, nyuzi zinagusa uso au shingo, sisi ambao sasa tu warefu zaidi. Tukae behewa la mwisho, nawe ukae kushoto kama zamani.

Nakungoja kwa hamu.

Ni mimi,
rafikiyo wa tangu utotoni