Bundi wa Pemba na Jina Lake

Malindi

Mwanangu Zuhura,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, ila baba yako bado anakohoa usiku. Umeniambia mwalimu amekupa kazi ya kuandika juu ya bundi wa Pemba, na kwamba jina lake la kisayansi utalikariri tu. Usilikariri kabla hujalielewa, mama.

Lisome kama unavyosoma jina la mtu wa kwetu. Otus ni jenasi, yaani kundi la aina (spishi) za viumbe zilizo karibu. Mimi naiona kama mlango, tunavyosema fulani ni wa mlango fulani. Pembaensis ni kusema Mpemba. Otus huanza kwa herufi kubwa, pembaensis kwa ndogo, ijapokuwa Pemba ni jina la mahali. Hapo wengi huteleza. Nyuma yake utaona "Pakenham, 1937": ndiye Mwingereza aliyemwandika kwanza katika sayansi. Tazama vizuri, jina lake halimo ndani ya mabano. Maana yake ndege yumo katika jenasi ileile aliyotiwa mwanzo. Angehamishwa, Pakenham angefungiwa mabanoni.

Lakini kuna wakati bundi huyu alinyang'anywa Upemba wake. Alihesabiwa kuwa bundi wa Bukini (Madagaska), Otus rutilus, na pembaensis ikasukumwa nyuma kuwa jina la tatu, la nususpishi, yaani tawi tu la spishi. Baadaye akarudishiwa uspishi wake. Bundi wa jenasi hii manyoya yao hufanana mno, na hata wa Pemba peke yake hawana rangi moja. Kwa hiyo wataalamu husikiliza sana mlio.

Mlio wake mimi naujua. Nilikuwa mdogo kuliko wewe, tumelala kwa mjomba kule Pemba, mikarafuu imefika hadi ukutani. "Hu." Kimya. "Hu." Bibi aliamka akatupa chumvi kwenye mkaa, ikapasuka pasuka, akanivuta kifuani. Aliogopa mkosi. Mpaka leo inaniuma kwamba hatukutoka nje tukamtazama, maana hakuna pengine duniani anapoishi ila kisiwa kile. Mkondo kati ya Pemba na bara ni wa kina kirefu, tofauti na Unguja, ambayo zamani iliungana na bara bahari ilipopungua. Ndiyo sababu Pemba ina ndege wake wenyewe: huyu, na ninga, na chozi pia.

Na bundi mwenzake wa jenasi hiyohiyo yuko hapa kwetu, msitu wa Arabuko-Sokoke: Otus ireneae, Ripley, 1966. Ireneae ni "wa Irene", jina la mwanamke. Mimi nalipenda zaidi la Mpemba. Ukilisikia unajua pa kwenda kumtafuta.

Majina haya huchapwa kwa herufi za kulala. Kwa kuwa utaandika kwa mkono na herufi huwezi kuzilaza, pigia mstari chini ya maneno yote mawili, Otus na pembaensis, lakini si chini ya Pakenham. Karatasi ikirudi nipigie picha, hata ikiwa na wino mwekundu.

Mamako