Chama cha wafanyakazi hakikuanza na NUTA

Mhariri,

Kila Mei Mosi nakaa kando ya uwanja na wastaafu wenzangu kutazama maandamano. Fulana mpya, kofia, mabango, risala kwa mgeni rasmi, kisha wafanyakazi bora wanakabidhiwa zawadi zao. Sina ugomvi na hayo. Kinachoniuma ni kwamba miaka yote hiyo sijasikia mtu akipanda jukwaani na kumtaja Victor Mkello.

Mkello aliwaongoza wafanyakazi wa mashamba, wakiwemo wakata mkonge, na alikuwa rais wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi Tanganyika, yaani TFL. Januari 1963, uhuru ukiwa na umri wa mwaka mmoja na wiki chache, serikali yetu wenyewe ilimpeleka Sumbawanga na kumwamuru akae huko, yeye na mwenzake Sheha Amiri. Hawakufikishwa mbele ya hakimu. Hiyo ndiyo njia ambayo mkoloni alikuwa akiitumia kwa wakorofi wake.

TFL haikuwa kitu kidogo. Kabla haijazaliwa mwaka 1955, makuli wa bandari ya Dar es Salaam walikwisha kugoma Septemba 1947 na mgomo ukapanda na reli hadi bara. Mwaka 1960 watu wa reli, wakiongozwa na Kasanga Tumbo, waligoma kwa zaidi ya miezi miwili. Baba yangu alikuwa fundi wa reli Tabora. Mama alituambia kwamba siku zile tulikula mihogo asubuhi na jioni, na majirani ambao hawakuwa na mtu relini walituletea unga. Baba alikuwa akitoa ada ya chama kwa mkono wake, kila mwisho wa mwezi, na mweka hazina asipoeleza fedha ya mwezi uliopita imekwenda wapi, hapati kitu.

Kisha ikaja sheria ya mwaka 1962 iliyofanya mgomo halali uwe karibu hauwezekani, na mwaka huohuo ile ya kuweka watu kizuizini. Jeshi lilipoasi Januari 1964, viongozi wa wafanyakazi wapatao 200 walikamatwa. Mwezi uliofuata TFL ikavunjwa kwa sheria na NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote, ikaundwa. Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais, na kazi mojawapo ya NUTA ilikuwa kueneza sera za TANU, chama tawala. Wa kwanza kushika nafasi hiyo, Michael Kamaliza, alikuwa pia Waziri wa Kazi. Mfanyakazi mwenye malalamiko dhidi ya serikali angempelekea nani?

Namheshimu Mwalimu Nyerere, na hoja yake naifahamu: wenye mishahara walikuwa wachache mno mbele ya wakulima. Tena sheria ya mwaka 1964 ya kulinda ajira ilimzuia mwajiri kumfukuza mtu ovyo, jambo ambalo baba alilishukuru hadi kufa kwake. Lakini ada sasa ilikatwa kabla hajaugusa mshahara, naye akaacha kwenda mikutanoni. Alisema hana la kuuliza, kwa kuwa hakuna aliyekuja kumwomba.

Mimi mwenyewe, nikiwa kijana katika kiwanda kimoja cha nguo, nilikwenda na wenzangu kudai malipo ya saa za ziada. Katibu wa tawi, ambaye ada zetu ndizo zilizomlipa, alitujibu kwamba kugoma ni kuhujumu taifa, akaandika majina yetu. Tulirudi kwenye mashine kimya. Ukimya ule tulidumu nao miaka mingi, na naona vijana wa leo wameurithi ingawa sheria ya mwaka 2004 inawapa haki ya kugoma kwa utaratibu.

Ninaliomba shirikisho letu la sasa, TUCTA, lifanye mambo mawili. Mei Mosi ijayo majina ya Mkello, Sheha Amiri na Tumbo yasomwe hadharani, pamoja na yale waliyotendewa. Na lianzishe chumba cha kumbukumbu, likusanye kadi, picha na sauti za wazee waliobaki kabla hatujawazika wote. Kadi ya baba ya chama cha reli ninayo, imeliwa na mende pembeni lakini namba inasomeka. Siku chumba hicho kitakapofunguliwa nitaileta mwenyewe.

Mstaafu,
Morogoro