Barua ya wazi kwa vijana waigizaji mnaodharau kazi ya nyuma ya jukwaa

Wanangu,

Jambo hili limenikaa rohoni, na nikilinyamazia nitakuwa nimewakosea. Kijana mmoja wa kundi tunalolilea, mwenye sauti nzuri na kipaji cha kweli, aliombwa apige pasi mavazi ya wakubwa wake kabla ya onyesho. Akaitupa kanzu kwenye kiti, akasema hakuja kuwa dobi. Kilichonikera zaidi ni ninyi wenzake kumpigia makofi.

Basi nisikilizeni. Wengi wenu mnamjua Alan Rickman kwa sura ya Profesa Snape, yule wa filamu za Harry Potter. Mnamjua alipokwisha fika. Alizaliwa Acton, London, mwaka 1946. Baba yake, mfanyakazi wa kiwandani, alifariki Alan akiwa na miaka 8, akamwachia mama watoto 4. Kijana akasomea usanifu wa michoro, akafungua ofisi na wenzake, akaanza kujitegemea. Alipofika miaka 26 akaiacha kazi hiyo, akaandika barua kuomba usaili chuo cha maigizo cha RADA. Wakamchukua.

Akiwa huko aliishi kwa kazi gani? Aliwavisha waigizaji. Ralph Richardson alikuwa mmoja wao, Nigel Hawthorne mwingine. Hebu ifikirieni kazi yenyewe: kufunga vifungo vya mtu mwingine, kushika koti gizani, kusubiri pembeni ya jukwaa mpaka atoke jasho likimtiririka ili umbadilishe haraka. Pale pembeni unamwona gwiji anavyovuta pumzi kabla ya kuingia. Mtazamaji aliyelipa kiti cha mbele haoni hilo!

Filamu yake ya kwanza ya sinema, Die Hard, ilitoka 1988 akiwa na miaka 42. Hans Gruber, yule mhalifu aliyemwigiza, alikuwa avae kama gaidi. Rickman akamwachia mtayarishaji ujumbe: je, kwa nini asivae suti, halafu kuwe na mahali anajifanya mateka? Akakataliwa kwanza, kisha mswada mpya ukaja na yote mawili. Mimi naamini aliyeshika mavazi ya watu kwa mikono yake ndiye ajuaye vazi linavyobadilisha tukio zima.

Mengine nawatajia tu. Tunzeni siri za kazi: Rickman aliambiwa na J. K. Rowling, mwandishi wa Harry Potter, siri ya Snape vitabu vikiwa bado havijaisha, na hakuitoa. Someni mswada wote, si mistari yenu pekee. Msiulize tuzo kila siku. Huyu hakuwahi hata kuteuliwa kuwania Oscar.

Na sisi wakubwa tusijifiche. Mtoto yule wa mjane alisoma shule ya Latymer kwa ufadhili. Leo sisi tunamchagua mhusika kwa idadi ya wafuasi wake mtandaoni, tunamwacha binti aliyefanya mazoezi miezi mitatu, halafu tunashangaa vijana kuidharau pasi. Nani aliwafundisha, kama si sisi?

Wanangu, nawapenda, ndiyo maana nimesema kwa ukali. Onyesho lijalo kila mmoja atashika zamu ya mavazi, wenye majina makubwa wakianza. Orodha nimeshampa msimamizi wa jukwaa.

Ni mimi mzee wenu.