Bei ya ubaoni iwe ndiyo bei ya kwenye bili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Mimi ni mpishi mstaafu. Nimepika hotelini miaka 26, nusu yake katika jiko la Kiitaliano. Wiki iliyopita binti yangu alinialika chakula cha mchana katika mgahawa wa Kiitaliano wa hadhi ya juu, katikati ya jiji. Mlangoni palisimama ubao: sahani tatu kwa bei moja.

Nianze na wapishi, maana wanastahili. Risoto ya zafarani, yaani wali wa Kiitaliano wenye rojo, ilikuja inavyotakiwa: ukiinamisha sahani inasogea kama wimbi, haikai kichuguu. Kabla haijafika mezani, binti yangu alianza kuangalia saa. Nikamwambia, tulia mwanangu, huko ndani kuna mtu amesimama na upawa. Mchele wa Carnaroli unataka kama dakika 18. Supu inatiwa kidogo kidogo, ikinywewa inaongezwa nyingine, na mkono hauachi kukoroga. Ukishaepua ndipo unatia siagi baridi na jibini ya Parmigiano, unapiga kwa nguvu mpaka ilainike kama uji mzito. Najua bega linavyouma baada ya sufuria ya kumi. Samaki aliyefuata, na zeituni na kepa (vitumba vya maua vya achari), alikuwa mzuri pia.

Kisha ikaja bili. Mkate na kitambaa cha meza vimetozwa kwa kila kichwa. Maji ya chupa, ambayo mhudumu aliyafungua bila kutuuliza, yamo. Kahawa mbili zimo. Samaki naye ana nyongeza yake, ati hakuwa kwenye bei ya kawaida, ingawa ubaoni aliandikwa sawa na kuku. Jumla ilizidi bei ya mlangoni kwa karibu theluthi moja. Binti yangu alilipa kimya. Meza ya jirani vijana wawili walikuwa wakihesabu noti chini ya meza, na yule msichana macho yamemjaa machozi. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Waitaliano wenyewe wana chakula cha namna hii, wanakiita pranzo di lavoro, mlo wa mchana wa wafanyakazi. Unapata tambi au wali, kisha nyama au samaki na mboga pembeni, na mara nyingi maji na kahawa vimo humo humo kwenye bei. Fundi ananyanyuka mezani akijua atalipa nini. Hata ile tozo ya mkate na kitambaa, coperto, kwao huandikwa kwenye menyu mteja aione kabla hajaagiza, na mkoa wa Lazio, uliko mji wa Roma, uliipiga marufuku mwaka 2006.

Wenye migahawa watasema bei ya chini haiwalipi. Nimekaa upande huo wa jiko. Mlo wa bei moja unamwezesha mpishi mkuu kujua tangu asubuhi anunue samaki kiasi gani, hakuna kinachooza kwenye friji, na meza zinajaa siku ambazo zingekaa tupu. Faida ipo. Kama haitoshi, bei ya ubaoni ipandishwe waziwazi. Mteja ataamua akiwa bado amesimama nje.

Ninachoomba ni maneno machache ya chaki: maji yamo au hayamo, mkate umo au haumo, kahawa imo au haimo, na sahani yenye nyongeza iandikiwe nyongeza yake pale pale. Na mhudumu aulize kabla ya kufungua chupa. Sisi jikoni tulikuwa tukiwafundisha hilo siku ya kwanza ya kazi.

Niliomba kuonana na meneja nikamweleza haya yote. Alinisikiliza kwa adabu, akasema atalifikisha kwa mwenye mgahawa. Juzi nimepita tena pale nje. Ubao ni ule ule.

Mpishi mstaafu,
msomaji wako wa miaka mingi